Biblia inamfunga nani, na nani anaamua? Ulinganisho kwa anayetafuta kanisa la kudumu

Pita mlango kwa mlango katika mji wowote wenye makanisa mengi, uwe Moshi, Kisumu au Goma, uulize kama Biblia ni Neno la Mungu na kama linamfunga Mkristo. Utajibiwa ndiyo kila mahali. Padre atasema ndiyo, mchungaji wa Kilutheri atasema ndiyo, mzee wa Kisabato atakufungulia na fungu la kuthibitisha, na mtumishi mwenye huduma yake binafsi ataiinua Biblia juu mbele ya kusanyiko. Swali hilo halimsaidii mtu anayechagua. Na wanaochagua ni wengi: kijana aliyehamia mjini akakuta kanisa la kwao halipo, binti wa Kikatoliki aliyechumbiwa na Msabato, mtu aliyeokoka kwenye mkutano wa injili uwanjani na sasa anatafuta pa kulelewa.

Swali lenye msaada ni hili: waumini wawili wakisoma andiko moja na kutofautiana, nani ana neno la mwisho? Na huyo mwenye neno la mwisho, yeye amefungwa na nini? Hapo ndipo makanisa yanapoachana kweli, na matokeo yake utayaona kwenye ndoa yako, mfuko wako na dhamiri yako. Nitalinganisha njia nne. Naweka wazi kwamba mimi ni Mlutheri. Kila kanisa nimejitahidi kulieleza kama watu wake wenyewe wangelieleza, lakini hukumu ni yangu.

Katoliki: Maandiko, Mapokeo na mwalimu mmoja

Kwa Mkatoliki, Neno la Mungu ni pana kuliko kitabu. Mitume walihubiri kwa mdomo kabla ya kuandika, na mahubiri hayo yakaendelea kuishi ndani ya Kanisa. Andiko linalotajwa sana hapa ni 2 Wathesalonike 2:15: "Basi ndugu, simameni imara mkayashike mapokeo mliyofundishwa, ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu." Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika kikao chake cha Aprili 1546, uliamua kwamba vitabu vitakatifu na mapokeo ya mitume vipokewe kwa heshima iliyo sawa. Siku hiyohiyo ukatoa orodha ya vitabu vyenyewe, ambavyo leo huhesabiwa 73. Biblia ya Waprotestanti ina 66. Kwa hiyo kabla hamjabishana juu ya maana ya andiko, Mkatoliki na Mprotestanti wanaweza kukuta hawana hata kitabu kile kile. Msomee Mlutheri 2 Wamakabayo sura ya 12 kuhusu kuwaombea marehemu, atakuambia kwake si kitabu cha kuweka fundisho.

Hati ya Dei Verbum ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965, ndiyo inayoeleza jambo hili kwa ukamilifu zaidi. Inasema Maandiko, Mapokeo na Mamlaka ya Kufundisha, yaani Papa na maaskofu walio katika umoja naye, vimeungana hata kimoja hakisimami bila vingine. Inaongeza neno ambalo wapinzani wa Kanisa Katoliki hawalitaji: kwamba Mamlaka hiyo haiko juu ya Neno la Mungu, inalitumikia, ikifundisha kile tu kilichopokewa. Na kuhusu ukweli wa Biblia, hati inasema Maandiko yanafundisha bila kosa ule ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Ndiyo maana Mkatoliki aliyefundishwa vizuri hapotezi usingizi juu ya siku sita za Mwanzo.

Nguvu ya njia hii ni uthabiti. Paroko mpya akifika parokiani hawezi kuamka Jumapili akatangaza fundisho lake. Ukihama Bukoba ukaenda Mombasa, imani ni ile ile. Wanaosema Wakatoliki hawasomi Biblia wanasema habari za zamani. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na kwenye jumuiya hizo Injili inasomwa na kujadiliwa sebuleni kwa mtu. Ibada ya Jumapili ina masomo mawili, zaburi na Injili, kwa mzunguko wa miaka mitatu, Mwaka A, B na C. Nasema kama Mprotestanti: ziko ibada nyingi za watu wanaojiita wa Biblia ambazo unatoka umesikia mistari miwili tu na hadithi ndefu.

Uzito wake ni huu. Ukisoma Maandiko kwa uaminifu ukashawishika kwamba Kanisa limekosea katika fundisho lililofungwa, huna mahali pa kukata rufaa. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alitangaza kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja ya upadre, na kwamba uamuzi huo ushikwe moja kwa moja na waamini wote. Unaweza kuwa na hoja nzuri kutoka Warumi 16, ambapo Paulo anawasifu wanawake waliotumika kanisani, lakini mlango umefungwa. Hata hivyo usichanganye mambo. Useja wa mapadre ni nidhamu ya Kanisa la Magharibi. Makanisa Katoliki ya Mashariki yana mapadre wenye wake. Kila unapoambiwa "Kanisa linafundisha", uliza kwa adabu: hili ni fundisho la imani au ni nidhamu? Katekista mzuri atakujibu bila kuudhika.

Walutheri na Waanglikana: Maandiko pekee, lakini si peke yako

Tarehe 18 Aprili 1521, mbele ya mfalme mkuu Karolo wa Tano huko Worms, Martin Luther alitakiwa kuyakana maandishi yake. Alijibu kwamba asiposhawishiwa kwa ushuhuda wa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi hawezi kukana, kwa kuwa mapapa na mitaguso wamekosea mara nyingi, na dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Kila Mlutheri anaijua habari hiyo. Wachache wanaijua sehemu ya pili: baada ya hapo, Walutheri hawakumwachia kila mtu afungue Biblia na kujiamulia. Waliandika maungamo, yaani matamko rasmi ya imani yao. Ungamo la Augsburg likasomwa mwaka 1530, na Mkataba wa Concordia wa 1577 ukaweka utaratibu unaoniridhisha hadi leo: Maandiko ndiyo kanuni na hakimu pekee; maungamo na maandishi ya walimu ni mashahidi wa jinsi Maandiko yalivyoeleweka, na shahidi anaweza kuhojiwa.

Wengi wanaosema "Maandiko pekee" wanadhani maana yake ni "mimi, Biblia yangu na Roho wangu". Sivyo. Maana yake ni kwamba ziko mamlaka nyingine za kweli, kama wazazi, wachungaji, sinodi na maungamo, lakini zote zinaweza kukosea, na zote zinasimama chini ya hii moja. Mtoto wa kipaimara katika KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) anayekariri Katekisimu Ndogo ya Luther, kila amri na swali lake "Maana yake ni nini?", tayari anasoma Biblia pamoja na wakubwa waliomtangulia.

Neno la mwisho, basi, linatafutwa katika mkutano. KKKT, iliyoundwa mwaka 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, iliamua suala la wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990. Upande mmoja walisoma 1 Timotheo 2:12, mwanamke asifundishe. Upande mwingine walisoma Wagalatia 3:28, kwamba katika Kristo hakuna mwanamume wala mwanamke, na wakakumbusha nani aliyetumwa kwanza asubuhi ya ufufuo. Hakuna aliyedai kuiweka Biblia kando. Ilichukua miaka, na hata baada ya uamuzi dayosisi hazikwenda kwa mwendo mmoja. Wako wanaouona ucheleweshaji huo kama udhaifu. Mimi naona ni gharama halali ya kanisa linalotaka kushawishi dhamiri za watu wake kabla ya kuziamuru.

Mfano mzito zaidi ulitokea Dar es Salaam. Afrika Kusini, Kanisa la Kireformati la Kidachi lilikuwa limetoa ripoti mwaka 1974 iliyotetea utengano wa rangi kwa Biblia: mnara wa Babeli katika Mwanzo 11, na Matendo 17:26 inayosema Mungu aliwawekea watu mipaka ya makazi yao. Mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani likakutana Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo ulitamka kwamba kukataa ubaguzi wa rangi Kusini mwa Afrika si suala la siasa ambalo kila kanisa lijiamulie, ni suala la imani yenyewe. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya wazungu yalisimamishwa uanachama kwa kutoukataa wazi. Nautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wapenzi wa mstari mmoja mmoja hawalioni. Watetezi wa ubaguzi nao walikuwa na mistari. Walichokosa ni kukubali kwamba mistari yao ipimwe na Injili nzima, na ipimwe na ndugu ambao mistari hiyo ilikuwa inawaumiza.

Waanglikana wako karibu na hapo. Kanuni ya 6 ya zile Kanuni zao 39 za imani inasema Maandiko Matakatifu yana yote yaliyo ya lazima kwa wokovu, na lolote lisilosomeka humo wala kuthibitishwa kwayo, asitakiwe mtu yeyote kuliamini kama sharti la imani. Naipenda sana kanuni hiyo, kwa sababu inamfunga anayefundisha kabla ya kumfunga anayefundishwa. Kanuni ya 20 inalipa Kanisa mamlaka katika mabishano ya imani, ila lisiagize chochote kinachopingana na Neno lililoandikwa. Tatizo ni kwamba hakuna wa kulazimisha. Mkutano wa Lambeth wa 1998, unaowakutanisha maaskofu Waanglikana wa dunia nzima, uliamua kwa azimio 1.10 kwamba mahusiano ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Majimbo kadhaa ya Magharibi yakaenda njia yao. Ndipo likazaliwa kundi la Gafcon, la Waanglikana waliopinga mwendo huo, mwaka 2008, na Aprili 2023 viongozi wake walikutana Kigali wakatamka kwamba hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kama kiungo cha umoja wao. Ukijiunga na Kanisa Anglikana leo, jua unaingia kwenye nyumba ambayo ugomvi wake mkubwa ni huu huu: Maandiko yanatufunga kiasi gani, na nani atatuambia.

Na jambo moja la kusema bila kuwaonea aibu watu wangu: Walutheri wengi hawajawahi kuliona Ungamo la Augsburg kwa macho. Kanuni nzuri iliyofungiwa kabatini ofisini kwa mchungaji haimlindi mtu.

Wasabato: Biblia ndiyo kanuni, na nabii wa karne ya 19

Nenda kwa Wasabato asubuhi ya Jumamosi, saa ya Shule ya Sabato. Watu wameketi kwa madarasa, kila mmoja na lesoni yake, na lesoni hiyo imepigiwa mistari kwa kalamu siku sita zilizopita. Mafungu yanasomwa, yanalinganishwa, mama wa sokoni anamsahihisha mwalimu kwa kitabu cha Hesabu na mwalimu anakubali. Wiki hiyo hiyo, Wasabato wa nchi nyingine nao wako kwenye lesoni hiyo hiyo. Kwa nidhamu ya kusoma Maandiko kama wajibu wa kila muumini, sijaona wanaowashinda.

Utangulizi wa imani zao za msingi unasema Wasabato wanaikubali Biblia kuwa kanuni yao pekee ya imani, na kwamba maelezo ya imani yanaweza kurekebishwa katika Mkutano Mkuu. Imani 27 zilipitishwa mwaka 1980, na ya 28 ikaongezwa mwaka 2005. Neno la mwisho, basi, liko kwenye kikao cha wajumbe wa dunia nzima. Mwaka 2015 huko San Antonio, Marekani, wajumbe walipiga kura kama kanda ziruhusiwe kujiamulia kuhusu kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji: 1,381 walikataa, 977 walikubali. Matokeo yakawa ya wote.

Kitu cha kuchunguza hapa ni nafasi ya Ellen White (1827–1915). Imani ya 18 inasema karama ya unabii ilidhihirika katika huduma yake na kwamba maandishi yake yana mamlaka ya kinabii. Imani hiyo hiyo inaiweka Biblia kuwa kipimo cha mafundisho yote. Msabato makini atakunukulia Isaya 8:20, "Na waende kwa sheria na ushuhuda", akueleze kwamba Ellen White mwenyewe aliwataka watu wampime kwa Biblia. Kwenye maandishi, mpangilio huo unaeleweka. Kwenye maisha ya kanisa, angalia mjadala unavyoisha. Kama fungu la Biblia linafungua mazungumzo na nukuu ya Roho ya Unabii, kama wanavyoyaita maandishi ya Ellen White, ndiyo inayoyafunga kila mara, basi kwa vitendo hakimu wa mwisho amekuwa mwingine. Yapo makanisa mahalia ya Kisabato yanayofanya hivyo, na yapo yasiyofanya. Kaa kwenye darasa mara kadhaa utajua uko wapi.

Wapentekoste: Neno lililo hai, na hatari yake

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo watu huviita kwa jina moja. Kuna madhehebu ya Kipentekoste yenye katiba, mabaraza na vyuo vya Biblia, na kuna huduma za mtu mmoja. Assemblies of God huko Marekani waliandika tamko lao la imani mwaka 1916, na kifungu cha kwanza kabisa ni Biblia: ufunuo kutoka kwa Mungu, kanuni isiyokosea ya imani na mwenendo, iliyo juu ya dhamiri na akili lakini isiyopingana na akili. Kwa maneno hayo, mchungaji wa Assemblies na mimi tungeketi meza moja.

Tofauti yao ni kwamba wanatarajia Mungu aseme leo: kwa unabii, kwa ndoto, kwa neno la maarifa. Wana msingi wa kuitarajia. Paulo anasema, "Msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema" (1 Wathesalonike 5:20–21). Sehemu ya pili ya agizo hilo, kujaribu, ndiyo inayotenganisha Upentekoste wenye afya na ule unaoua. Katika 1 Wakorintho 14:29 manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue". Kwa hiyo unabii wa Agano Jipya unasemwa mbele ya watu wenye haki ya kuukataa.

Angalia sasa kinachotokea mahali pengi. Mshirika anauliza matumizi ya sadaka, anajibiwa kwa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu". Fungua zaburi yenyewe. Inasimulia Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, wakihama taifa hadi taifa, na Mungu akawakemea wafalme wasiwaonee. Andiko linalowalinda wanyonge dhidi ya wenye nguvu limegeuzwa ngao ya mwenye nguvu dhidi ya mnyonge anayeuliza. Malaki 3:10 nalo hufanyiwa vivyo hivyo: zaka inadaiwa kwa laana, na aliyeuliza kama sheria ile ya ghala la hekalu inamfunga Mkristo kwa namna ile ile anaambiwa ana roho ya uasi.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, wakiwamo watoto wengi, waumini wa kundi lililokuwa likifundishwa kufunga hadi kufa ili kumwona Yesu. Watu hao waliamini wanafungwa na Neno la Mungu. Walifungwa na mtu. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka, kwa kuwa hawakuanza msituni. Walianza kwenye kanisa la kawaida lenye viti na kwaya, mahali ambapo taratibu ilikuja kuonekana dhambi kuuliza.

Uzuri wa Upentekoste, ambao makanisa yetu ya zamani yameupoteza kwa kiasi, ni imani kwamba andiko linaposomwa kitu kinapaswa kutokea. Mlevi anaacha pombe, mtu anarudisha mali aliyoiba. Mamlaka ya Maandiko ambayo haijawahi kubadilisha Jumatatu ya mtu ni ya karatasi.

Jaribio la kisusio

Ili tofauti hizi zionekane, nachukua kitu cha kwetu. Kilimanjaro, kwenye sherehe, mbuzi akichinjwa damu hukingwa kwenye chombo na kukorogwa isigande, kisha huingizwa kwenye supu. Hicho ndicho kisusio. Sasa soma Matendo 15:29, barua ya mitume kwa Wakristo wa Mataifa: wajiepushe na vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama zilizonyongolewa, na uasherati. Ni agizo la mitume, limo kwenye Agano Jipya, na linasema limempendeza Roho Mtakatifu. Je, bakuli hilo linapoletwa mezani, andiko linakufunga?

Mkatoliki anakunywa kwa amani, kwa sababu Kanisa limeshaamua. Mtaguso wa Firenze mwaka 1442 ulieleza kwamba katazo lile lilifaa wakati Wayahudi na Mataifa walipokuwa wanaunganishwa kuwa Kanisa moja, na sababu ilipokoma, katazo nalo likakoma.

Mlutheri anakunywa pia, lakini kwa njia nyingine. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 28, linauliza waziwazi: mitume waliagiza kujiepusha na damu, nani anayelishika hilo sasa? Wasiolishika hawatendi dhambi, linasema, kwa kuwa mitume wenyewe hawakutaka kuzilemea dhamiri. Walikataza kwa muda ili kuepusha kwazo, na katika agizo lile ni lazima kutazama kusudi la kudumu la Injili. Jibu ni moja na la Firenze, ila hapa unapewa sababu uipime mwenyewe, na ukiwa na ndugu ambaye dhamiri yake inakwazika, sababu hiyo hiyo inakutaka uliache bakuli kwa ajili yake.

Msabato halionji. Atakuonyesha kwamba katazo la damu halikuanza na Musa; liko Mwanzo 9:4, kwa Nuhu, likarudiwa Walawi 17, likathibitishwa na mitume. Agizo lililotolewa mara tatu, katika vipindi vitatu, halijafutwa popote. Nakiri hoja hiyo ni nzito kuliko wengi wetu tunavyoipa. Na hayuko peke yake: Waorthodoksi, ambao nao wako Bukoba na Mwanza, wana kanuni ya 67 ya mtaguso wa Trullo wa mwaka 692 inayokataza kula damu.

Kwa walokole utakuta jibu kulingana na mchungaji. Mmoja atasema damu ni uhai na ina maagano ya mizimu. Mwingine atasoma 1 Timotheo 4:4, kila kiumbe cha Mungu ni kizuri. Wote wawili wana andiko. Hawana mahali pa kukutana waamue.

Kwa nani, kipi

Kama unachotafuta ni kujua kwamba imani utakayowaachia wanao haitabadilishwa na mtu mmoja wala na kizazi kimoja, na uko tayari kutii hata pale usiposhawishika, Kanisa Katoliki litakufaa. Usiingie huku ukitumaini litabadilika.

Kama unataka kusoma na kusomeshwa, na uko tayari mwili wako, chakula chako na Jumamosi yako viguswe na unachokisoma, wafuate Wasabato, lakini chunguza mapema swali la Ellen White nililolitaja.

Kama moyo wako unawaka kwa Wapentekoste, usiuzime. Chagua wenye katiba, wenye wazee wanaoweza kumwita mchungaji na kumuuliza, wenye mahesabu yanayosomwa mbele ya washirika. Omba kuiona katiba hiyo. Muulize mshirika wa siku nyingi, taratibu, kama aliwahi kusikia mchungaji akisema madhabahuni, "Wiki iliyopita nilikosea andiko lile." Mahali ambapo swali hilo linamtia mtu hofu, ondoka, hata kama miujiza ni mingi.

Mimi nabaki nilipo, na ningekushauri uje, kwa sababu moja. Pale Worms mtawa mmoja aliruhusiwa na imani yake kuwaambia wakubwa wake kwamba wamekosea, na akajifunga kwa sharti lile lile: mnionyeshe kwa Maandiko, nami nitakuwa wa kwanza kuvitupa vitabu vyangu motoni. Katika kanisa la namna hiyo askofu wangu ana mamlaka juu yangu ya kweli, lakini Biblia iliyo mezani kwangu ina mamlaka juu yetu sote wawili, na yeye anajua kwamba mimi najua. Hilo linadai nisome. Mlutheri asiyesoma amechagua njia ngumu kuliko zote bila kubeba vifaa vyake.

Kwa wachumba wa madhehebu mawili kuna mambo ya kiutendaji yasiyosubiri. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1125, inamtaka upande wa Kikatoliki aahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake hatakiwi kuahidi, ila lazima ajulishwe, na kibali kinatoka kwa askofu. Wachungaji wa Kisabato wanahimizwa sana wasifungishe ndoa ya Msabato na asiye Msabato, na kwao mtoto mchanga habatizwi, huwekwa wakfu tu. Walutheri na Waanglikana hubatiza watoto, Wapentekoste wengi hawabatizi. Kwa hiyo kaeni wawili na kitabu cha Matendo, someni habari za ubatizo wa watu wa nyumba ya Lidia na ya mlinzi wa gereza katika sura ya 16, kila mmoja aseme anachokiona na kanisa lake linachofundisha, kisha nendeni pamoja kwa paroko na kwa mchungaji. Fanyeni hivyo kabla wazee hawajapanga siku ya mahari, wakati bado mnaweza kusikilizana bila kamati ya harusi kusubiri majibu.